Bibi Alipoikataa Filamu Yangu

Shikamooni wazee wangu. Akina mama wa kikundi, na nyie vijana mliokuja, habari za saa hizi. Mwenyekiti ameniambia nisimame niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka, akaongeza kwamba nisizunguke sana kama kawaida yangu. Nitajitahidi.

Wengi mnaijua nyumba yetu hapa Gorong'a. Bibi yangu hakujaliwa mtoto, akatoa ng'ombe akamwoa mama yangu, ile tunayoiita nyumba ntobhu, ili boma lake lisife. Nikazaliwa mimi. Sikuwahi kuona ajabu yoyote hapo mpaka nilipokwenda chuo kusomea filamu, wenzangu wakaanza kuniuliza maswali kwa sauti ya chini, utadhani wamekuja msibani. Nikajua nina hadithi. Kazi ya mwisho ilikuwa filamu fupi ya dakika kumi, na bila kuifaulu humalizi chuo. Nikasema yangu itakuwa ya bibi.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilivimba kichwa. Kila mbinu tuliyofundishwa nilitaka iwemo. Nikaazima droni, ile kamera inayoruka. Nikataka mwendo wa polepole, nikataka kamera ya mkononi inayomkimbilia mtu, na kinanda cha huzuni mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia bibi atembee taratibu kuelekea zizini, atazame mbali, alie kidogo.

"Nilie nini?" akauliza. "Ng'ombe wangu si hao wanarudi?"

Na mimi, binti wa Kikurya niliyekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe, nikairusha droni saa ileile ng'ombe wanaingia zizini. Chekeni tu, ni haki yenu. Waliposikia ule mngurumo juu ya vichwa vyao wakavunja ua, wakapita katikati ya mihogo ya jirani. Bibi akawakimbilia, akaanguka. Mkono ukavunjika hapa, kwenye kifundo.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilimpeleka hospitali, nikamwachia mama, nikarudi chuoni kuunganisha picha. Zilikuwa picha nzuri, sitasema uongo. Walimu wakatazama mpaka mwisho, kisha mmoja akaniuliza, "Huyu bibi anaitwa nani? Anapenda nini? Mbona simsikii akisema hata neno?" Nikafeli, nikapewa nafasi moja tu ya kurudia.

Nikarudi nyumbani, begi la kamera nikalisukuma uvunguni mwa kitanda. Msimu mzima wa mahindi sikuligusa. Mtu akiniuliza chuo vipi, nasema tumefunga. Niliona aibu hata kumtazama bibi akila kwa mkono wa kushoto. Mama ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumfunga kitenge. Mimi nilijificha shambani nikijifanya napalilia.

Asubuhi moja bibi akaniita. "Lete hiyo picha yako niione." Nikamwonyesha kwenye simu. Akaitazama yote. Halafu akaniambia kwa Kikurya, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Huyu umemfanya mtu aliyefiwa. Mimi sikufiwa. Mimi nilioa."

Nililia mbele yake bila aibu, nikamwomba msamaha wa mkono na wa filamu pia. Akaningoja nimalize. Akasema, "Sasa kaa chini. Tangu uje na hiyo mashine hujakaa."

Nikakaa. Na kwa kuwa mimi nimekaa, kamera nayo nikaiweka juu ya kigoda, kimo cha mtu aliyeketi, na sikuisogeza tena. Taa sikuwa nazo. Nikatumia mwanga wa mlangoni, na shuka jeupe aliloshika dada mmoja wa kikundi hiki ili mwanga urudi usoni mwa bibi. Muziki nikautoa wote. Ikabaki sauti ya mahindi yanayopukuchuliwa, na mama na bibi wakibishana Kikurya chao. Nilichagua mbinu chache kuliko mwanafunzi yeyote darasani kwetu, lakini kila moja ungeniuliza kwa nini, ningekwambia.

Siku ya tatu wakasahau kama kamera ipo. Mama alikuwa anampaka bibi mafuta kwenye ule mkono, akasema jambo ambalo mimi sijawahi kulisikia: kwamba siku aliyoletwa kwenye boma hili aliogopa sana, akapanga kutoroka alfajiri. Bibi akajibu bila kuinua macho, "Nilijua. Ndiyo maana nilikuachia mlango wazi."

Mama akaendelea kumpaka mafuta. Bibi akaendelea kupukuchua kwa mkono wa kushoto, mahindi yakidondoka kwenye ungo. Mimi yule wa kwanza ningeweka kinanda pale. Safari hii niliiacha kamera itazame.

Nilifaulu, ndugu zangu. Yule mwalimu aliponirudishia kazi hakuulizia kamera wala mwanga. Aliniuliza, "Mkono wa bibi unaendeleaje?"

Namshukuru Mungu. Namshukuru dada aliyeshika shuka mpaka mabega yakafa ganzi, na yule aliyekuja na betri ya sola kwa bodaboda kutoka Mbalibali. Namshukuru mzee aliyenisamehe mihogo, na nyie wote mliofunga mbuzi wenu mbali siku tatu nzima ili nipate utulivu. Vijana, siwakatazi droni. Ila kabla hujachagua mbinu yoyote, kaa kwanza na mwenye hadithi yake mpaka akuchoke, umsikie mwenyewe anavyojiita.

Bibi na mama wako pale, benchi la mbele. Mlango ulikuwa wazi na mama akabaki, ndiyo maana leo nimesimama hapa kuwaambia haya. Asanteni sana.