Ewald Stotz na Pampu Aliyoipangusa

Marehemu aliandika wasifu wake mwenyewe mwaka 2019, akaukunja mara nne na kuuweka kwenye droo ya soksi. Aliagiza usomwe na mimi, dada yake, Irmgard Knöpfle, bila kuongeza wala kupunguza neno. Nimeongeza, na nimepunguza. Mama mchungaji alinisihi nilainishe maneno kabla sijayasoma hapa kanisani. Nilimwambia kwamba haya ndiyo yaliyolainishwa.

Marehemu Ewald Stotz alizaliwa tarehe 11 Februari 1938 hapa Hinterweilen, mtoto wa kwanza wa seremala Gottlob Stotz na mkewe Mina. Mimi nilifuata miaka miwili baadaye. Baba hakurudi kutoka vitani, na Mama alitulea kwa kushona na kwa kishamba cha viazi nyuma ya nyumba.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1944 hadi 1952. Alikuwa mwanafunzi safi kwa kila maana. Masika ya mwaka 1947, njaa ikiwa bado haijatutoka, Mama alitandaza viazi vya mbegu ghalani ili vichipue. Ewald aliona ni aibu kupanda vitu vichafu. Alivisugua vyote kwa brashi na sabuni, akivunja vichipukizi kimoja kimoja, akavipanga kwa ukubwa. Mama alipoviona aliketi chini akacheka, kisha akalia, maana mbegu nyingine hatukuwa nayo. Alipouliza ni nani, Ewald alisema ni Irmgard. Nilichapwa mimi. Katika karatasi yake marehemu amekiita kisa hiki kichekesho cha utotoni.

Mwaka 1952 aliingia kujifunza ufundi wa mitambo katika kiwanda cha pampu cha bondeni, akafaulu mtihani wake mwaka 1955 kwa alama ya juu kabisa. Alikaa hapo hadi alipostaafu mwaka 2001. Tangu 1968 alikuwa mkuu wa chumba cha majaribio, ambako kila pampu ilipimwa kabla ya kwenda kwa mteja.

Tarehe 8 Juni 1963 alifunga ndoa na Hannelore Raible, mwanamke mpole aliyestahili kusikilizwa zaidi. Walipata binti mmoja, Sabine. Hannelore alifariki mwaka 2009, na marehemu alikwenda kaburini kwake kila Jumamosi kung'oa magugu. Hilo alilifanya vizuri na ninalishuhudia.

Sasa nifike kwenye mwaka 1974. Karatasi ya marehemu inasema: "Katika mwaka huo kiwanda kilipata hasara kubwa kwa uzembe wa fundi mmoja." Fundi huyo ana jina. Ni Reinhold Knöpfle, mume wangu.

Nusu ya mliomo humu mlifanya kazi kule, lakini kuna vijana, kwa hiyo naeleza. Pampu zetu zilikuwa za skrubu: vyuma viwili virefu vya msokoto vinavyozunguka vimekumbatiana ndani ya kasha, vikinyonya uji mzito kutoka kwenye matangi yaliyoondolewa hewa. Sifa yake iliyouzwa dunia nzima ni kwamba inajivutia yenyewe. Huna haja ya kujaza bomba. Inasukuma hewa nje, inanyonya, kazi inaanza. Ila ina sharti. Tumboni mwake lazima kuwe na mafuta kidogo ya kuziba nafasi kati ya vyuma. Ikiwa kavu kabisa hainyonyi chochote. Chuma kinasaga chuma, na kwa dakika chache imekwisha.

Hapa kwetu mtu akiona tone sakafuni hapati usingizi. Tunafagia barabara ambayo mvua imeshaiosha. Marehemu alituzidi wote. Alikuwa na kitambaa cheupe cha mfukoni, akikiingiza kwenye mdomo wa kila pampu iliyopita majaribio. Kikitoka na doa, pampu ilirudi kuoshwa, kupulizwa na kupanguswa hadi ikauke. Reinhold, ambaye kazi yake ilikuwa kwenda kwa wateja kufunga na kuwasha, alimwambia mbele ya watu:

"Ewald, unazituma kavu. Siku moja utatuunguzia."

"Pampu yangu inajivutia yenyewe, shemeji."

"Inajivutia ikiwa na kitu tumboni. Wewe mwenyewe hujawahi kuamka bila kahawa."

Watu walicheka, na marehemu hakupenda kuchekwa. Hata hivyo, Ijumaa tarehe 11 Oktoba 1974, kwa pampu kubwa ya kiwanda kimoja cha sukari, alikubali. Alimimina mafuta Reinhold akiwa amesimama hapo hapo, akafunga vifuniko, akapiga lakiri, ule muhuri wa madini ya risasi unaoonyesha kwamba pampu haijafunguliwa.

"Haya, umeridhika? Lita mbili. Na lakiri hii isivunjwe kabla ya kuwasha, la sivyo kiwanda hakitawajibika kwa pampu."

"Sitaivunja. Nimeona kwa macho yangu."

Jumatatu Reinhold aliifunga pampu, akaiwasha mbele ya mabwana wa sukari waliovaa makoti meupe. Ililia, ikatoa moshi, ikakwama. Msimu ulikuwa umepamba moto. Viazi vya kutengenezea sukari vilioza uani kwa siku nne. Reinhold aliapa kwamba mafuta yalikuwemo. Marehemu aliitwa ofisini, akaulizwa, akajibu kwamba kukagua kabla ya kuwasha ni kazi ya fundi. Mume wangu alivuliwa kazi yake akapelekwa stoo kupanga nati, na huko alibaki hadi alipostaafu.

Krismasi ya mwaka huo kwaya ya wanaume ilitunga wimbo wa kuchekesha kuhusu Fundi Mkavu. Reinhold alikuwa amesimama ndani ya kwaya hiyo hiyo, kwenye safu ya sauti za juu, karatasi mkononi, alipogundua wanamwimba nani. Kaka yangu aliimba sauti nzito. Reinhold aliweka karatasi kwenye kiti, akatoka, na hajaimba tena, hata bafuni. Kwa miaka arobaini na tisa akiagiza bia mtu humuuliza: "Knöpfle, umekagua kama imo?" Nanyi mnacheka kila mara, kana kwamba ni mpya.

Marehemu alianza kuugua moyo Machi 2022. Maji yalijaa mapafuni, na tangu Septemba mwaka huu alilazwa katika hospitali ya wilaya. Jumanne tarehe 17 Oktoba, saa nane mchana, nilikuwa nammenyea tufaha.

"Irmgard," alisema. "Ile ya kiwanda cha sukari, niliipangusa."

"Uliipangusa lini?"

"Jumamosi. Nilirudi kuchukua miwani, nikaiona pale. Nilijua ndani ni chafu. Nilishindwa, Irmgard. Nikamwaga mafuta, nikaipangusa."

"Na lakiri?"

"Nikapiga nyingine."

"Reinhold ulimwona ofisini amesimama mbele yako. Mbona hukusema?"

"Nilidhani nitasema kesho yake. Halafu ikawa aibu."

"Aibu ya nani? Wewe uliyekula Pasaka mezani kwangu kila mwaka?"

Nilimpa kalamu na karatasi yake hii, aliyokuwa amenikabidhi alipolazwa, nikamwonyesha mstari wa mwaka 1974. "Ufute. Andika jina lako hapo."

"Mkono unatetemeka. Kesho."

Aliishi siku thelathini baada ya hapo. Kwa mkono huo huo alijaza chemshabongo ya gazeti kila asubuhi, kwa wino. Alifariki Alhamisi tarehe 16 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 85. Mstari ulikuwa haujafutwa. Nimeufuta mimi. Nilimpenda kaka yangu, na jana nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba nilishindwa kumchagulia maua. Haya mnayoyaona amechagua Sabine.

Nilipomwambia Reinhold, alisema, "Kwa hiyo niliona kweli." Ameishi karibu miaka hamsini akidhani labda macho yake ndiyo yalimdanganya.

Marehemu ameacha binti, Sabine, na mumewe Jens. Wajukuu wawili, Malte na Frauke. Na mimi dada yake. Orodha aliyoiandika inaishia hapo. Naiendeleza: ameacha pia shemeji, Reinhold Knöpfle, umri miaka 86, fundi, aliyeketi mstari wa tatu kwa sababu nimemlazimisha kuja.

Kwaya imekuja na bendera kumsindikiza mwenzao. Wa mwaka 1974 mmebaki watatu, na mnajijua. Mama mchungaji ametuomba tuondoke kwenda kaburini saa tano kamili, nami naona imeshafika. Hatuondoki. Simameni ninyi watatu, mpite hapa kando ya jeneza, mwende mstari wa tatu mkampe Reinhold mkono, kila mmoja amwite kwa jina lake. Ewald atangoja, aliweza kungoja miaka arobaini na tisa.

Mkimaliza, tumbebe. Ndipo na yeye apumzike kwa amani.