Ephantus Ndung'u na Paipu ya Kutazamia Mwezi

Leo Alhamisi tarehe 17 Mei 1956, hapa Ruiru, tunamsindikiza Ephantus Ndung'u, ambaye historia yake imeandikwa na mkewe Ngendo na inasomwa na kaka mkubwa wa marehemu, Simeon.

Marehemu alizaliwa Gatuanyaga tarehe 9 Machi 1927, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, na mwaka 1946 akaajiriwa na fundi wa miwani mjini Thika, ambako alikusanya vioo vilivyokataliwa, akavifunga ndani ya paipu kuukuu ya maji, akaiita darubini.

Tarehe 12 Desemba 1953 alimwoa Ngendo kanisani hapa Ruiru, na jioni ya kwanza mwezi ulipofika nusu akamtoa uani, akamwambia atazame pale mwanga unapokutana na giza, maana hapo ndipo vivuli huonyesha mashimo na milima, naye Ngendo akatazama, akamshika mkono asimwachilie.

Aprili 1955 askari wa kijiji, wakiongozwa na Mzee Kagwe, waliiona paipu imeelekezwa juu, wakadhani ni bunduki ya kujitengenezea kama zile za wapiganaji wa msituni, wakamchukua pamoja nayo, na Ngendo mjamzito, halali, hali, hajui kama atamwona tena, mpaka Mzee Kagwe mwenyewe alipochungulia akapiga kelele, "Kumbe mwezi nao uliugua ndui!" wakacheka wote, na Ephantus akarudi nyumbani.

Warigia, mtoto wao wa pekee, alizaliwa tarehe 3 Juni 1955.

Januari mwaka huu kifua kilimshika marehemu, akalazwa, akafariki Jumatatu ya wiki hii, tarehe 14 Mei, akiwa ameomba jambo moja tu, kwamba Warigia akiweza kusimama juu ya kiti aonyeshwe mwezi.

Simeon alitaka paipu izikwe naye, isije ikaleta askari tena kwa mjane na mtoto mchanga, na Ngendo kwa hofu alikubali, akaiviringishia blanketi, lakini Warigia akatambaa, akaifunua, akaikumbatia, akalia sana alipopokonywa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, fundi wa Thika na wafanyakazi wake, na Mzee Kagwe aliyesema jana mbele ya watu, "Mama Warigia, mtu akikuuliza hiyo paipu ni ya nini, mlete kwangu, mimi nilishachungulia."

Kwa hivyo paipu inabaki nyumbani, na Simeon ameombwa asiiruke sentensi hii anaposoma.

Jioni hii mwezi ni nusu, na mawingu yakikubali utaonekana kabla ya saa ya kafyu kutufungia ndani, na Ngendo atakuwa uani, paipu mkononi, Warigia mgongoni.

Baba Warigia, lala kwa amani, zamu ya kutazama ni yao sasa.