Sikukuombea Uzimike

Bwana asifiwe, wapenzi wa Junda, nanyi wageni wetu kutoka Frere Town! Haya, nimesimama. Mwanangu amelala mapajani pa bibi yake pale mbele, kwa hiyo nitasema kabla hajaamka, maana huyu akiamka hakuna mahubiri wala ushuhuda.

Wengi mnanijua kwa mpira. Nimevaa jezi ya Kenya, nimecheza mbele, nimefunga mabao katika nchi ambazo hata kuzitamka ni kazi. Mlinipigia vigelegele na nikavipokea. Lakini ndugu zangu, kuna bonde nililopita ambalo sijawahi kulisema hapa.

Mama yangu, muuza vitunguu wa Kongowea, hakuupenda mpira. Alisema msichana kukimbia na kaptula mbele ya wanaume ni kukosa malezi, na akina mama wa ushirika wake hapa kanisani walimuunga mkono. Hakuja kunitazama hata siku moja. Kila nilipokwenda kambini aliniombea safari njema, kisha akaongeza kwamba Mungu anipe mume nitulie. Basi Mungu si kiziwi! Mume akapatikana, fundi wa malori kule Changamwe, mtu mpole, na mimba ikafuata.

Nilijifungua salama, nikarudi kwa mama kukaa arobaini yangu. Nikakandwa maji ya moto, nikanyweshwa uji wa pilipili manga, nyumba ikajaa wageni. Kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Huzuni iliniingia bila kubisha hodi. Mtoto akilia namnyonyesha, akishiba namrudisha kwa mama, nami nageukia ukuta. Wengine wakasema nimepigwa jicho. Dada mmoja wa ushirika akasema ni pepo, akalikemea kwa bidii kweli, nikamshukuru, nikageukia ukuta tena. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeniambia kwamba huu ni ugonjwa, unawapata wazazi wengi, na akanitaka nirudi kwake kila wiki tuzungumze. Nilirudi. Akina dada, msione haya kwenda.

Lakini ndani ya huzuni ile mlikuwa na neno moja lililonikaa kooni: umekwisha. Simu ya kambini haikulia tena. Wenzangu wakicheza, nilizima redio. Mwisho nikamwomba mama azitoe njumu zangu, awape wasichana wa jirani, mimi sitazihitaji.

Hakuzitoa. Arobaini ilipokwisha, aliingia chumbani asubuhi amezishika, amezifua na kuzitia kamba mpya. Mama yangu huyu, ambaye hata kuzianika hakutaka! Alikaa kitandani, akaziweka baina yetu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikuombea utulie. Sikukuombea uzimike. Mungu kakupa mtoto, hakukunyang'anya miguu."

Nililia kwa sauti, ndugu zangu. Tangu nijifungue nilikuwa natoka machozi tu, kama bomba bovu, lakini siku hiyo nililia nikijua ninalia nini.

Nikaanza mazoezi na timu yetu ya mtaani. Mpira nauona, miguu inachelewa. Mama akawa anafunga biashara mapema ili anishikie mtoto kando ya uwanja, akiutazama mchanga, si mimi. Hivyo hivyo miezi ikapita, mpaka tukasikia kwamba kocha wa timu ya taifa anakuja Kisauni kutazama mechi yetu. Siku hiyo mama alikuja na ushirika wake mzima.

Kipindi cha kwanza kinakaribia kwisha, mtoto akalia. Mlionyonyesha mnajua: maziwa hayangoji kipenga. Jezi ikalowa kifuani mbele ya watu wote, vijana wakaanza kucheka. Mapumziko yalipofika nilimwambia kocha wetu anitoe, na kwamba sirudi leo wala kesho. Nilikuwa nimekata shauri. Nikakaa chini palepale nimejikumbatia.

Mama akaja na mtoto. Nyuma yake akina mama wote. Wakavua leso mabegani, wakaziinua ncha kwa ncha, wakanizunguka, kama tunavyomsitiri mwanamke aliyeshikwa na uchungu njiani. Ndani mkawa na kivuli, mtoto akanyonya. Nikawasikia wakiomba polepole, huyu Kigiriama, huyu Kikamba, huyu Kiswahili. Hawakukemea kitu. Walikuwa wanalitaja jina langu tu. Yule dada wa pepo aliishika leso yake juu, asiishushe.

Ndugu zangu, sikuona nuru wala sikusikia sauti. Nilisikia njaa. Njaa ya mpira, ile niliyokuwa nayo utotoni, na nilipomtazama mwanangu nikaona ana nyusi za mama. Miezi yote ile sikuwa nimeziona! Bwana alinifungua palepale, nimekaa mchangani, jezi imelowa.

Mchezaji wa akiba akanipa jezi yake kavu, nikarudi uwanjani. Mnataka kujua kama nilifunga. Sikufunga. Niligonga mwamba, na shuti jingine nikalipaisha nje. Lakini nilikimbia, na yule kocha wa taifa akaja kuniuliza kama naweza kuingia kambini na mtoto. Kabla sijafungua kinywa, mama akamuuliza kama kambini kuna jiko.

Hivyo ndivyo mama yangu alivyokuja kuniona nikiichezea Kenya, kwa mara ya kwanza maishani mwake, mjukuu mgongoni. Siku hiyo nilifunga. Niligeuka kumtafuta jukwaani. Watu wote walikuwa wamesimama, yeye alikuwa amepiga magoti baina ya viti. Aliyomwambia Mungu wake sijamuuliza mpaka leo.

Ninamshukuru Bwana. Nawashukuru nyinyi akina mama. Na kama kuna dada hapa aliyetoka nyumbani leo kwa shida, ambaye akirudi atageukia ukuta, nakusihi, mtegemee Yesu, naye ana mikono mingi humu ndani. Usingoje upate nguvu kwanza. Njoo hivyo hivyo ulivyo, na mtoto mlete, tutampakata.