Kilo Tatu za Mwisho za Frida Mbonile

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi, popote mlipo, kuanzia hapa Tunduma mjini hadi kule milimani Ileje. Leo tunamkumbuka Frida Mbonile wa Chapwa. Amezikwa Jumamosi, nyumbani kwao Itaka. Mimi ni Goodness, na nilikuwepo mazishini. Nitasimulia kama nilivyoambiwa. Maneno yangu mwenyewe sina.

Frida aliuza vitenge karibu na mpaka. Wateja wa upande wa Zambia walimwita Bamayo, yaani mama. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kahawa. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Lwitiko, fundi magari.

Miaka sita iliyopita figo za Lwitiko zilifeli. Akawa anapelekwa Mbeya kila wiki kusafishwa damu, anarudi hawezi hata kuongea. Frida akasema atampa figo yake moja. Vipimo vikakubali. Uzito ukakataa. Alikuwa na kilo tisini na nane. Daktari akamwambia, "Mama, shuka hadi sabini na nane, ndipo tuongelee upasuaji."

Frida akaanza. Akapunguza ugali, akaacha soda na maandazi, akawa anakwenda dukani kwa miguu. Kilo zikaondoka. Alipofika themanini na moja, mizani ikagoma. Bado kilo tatu. Wiki zikapita, themanini na moja ile ile.

Lwitiko naye miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Frida akazidi kukata chakula. Mumewe, Isaka, aliniambia hivi: "Asubuhi kikombe cha uji, jioni mboga za majani. Basi. Nikimwambia ale, ananijibu, mdogo wangu hana muda."

Siku moja akaanguka dukani, anamkunjia mteja kitenge. Wakampeleka hospitali, akakutana na afisa lishe aitwaye Enesi. Nimeongea na Enesi. Anayakumbuka mazungumzo yale.

"Nilimwambia, mama, mwili uliopungua unatumia chakula kidogo kuliko ule wa mwanzo. Ndiyo maana sahani iliyokupunguza zamani sasa haikupunguzi. Ulipaswa kupunguza kidogo tu. Wewe umekata karibu chote. Huna nguvu, hutembei tena, misuli inakwisha. Ukifika sabini na nane ukiwa hivi, hawatakupasua."

Frida akamuuliza, "Sasa nifanyeje?"

"Ongeza chakula."

Frida akasema, "Niongeze, na mdogo wangu anakufa?"

"Ongeza taratibu. Yai asubuhi. Maharage mchana, na ugali usiozidi ngumi yako. Utapungua polepole, lakini utapungua. Ukikaribia kabisa, njoo, tutaongeza tena kidogo, ili ukifika mwili ubaki pale pale."

Wasikilizaji wapendwa, Frida alitii. Isaka anasema, "Nilikaa naye mezani. Anatafuna, machozi yanamtoka. Nilimsogezea maharage."

Alifika. Sabini na nane. Alikwenda Dodoma na mdogo wake, wakapasuliwa wote wawili, wakarudi wote wawili. Lwitiko akarudi gereji. Frida akarudi kwenye vitenge vyake, na uzito ule haukumrudia tena.

Wiki iliyopita alikwenda Galula kumjulia hali shangazi yake. Wakati wa kurudi, pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye changarawe. Alifariki njiani, kabla hawajamfikisha hospitali. Hivyo tu. Nimejaribu kutafuta namna nyingine ya kulisema, sijaipata.

Tunatoa pole kwa Isaka, kwa ukoo wa Mbonile kule Itaka, kwa majirani wa Chapwa na wafanyabiashara wa mpakani. Na wewe unayepunguza uzito, umebakiza kidogo na mizani imegoma, usijinyime zaidi kwa hasira. Nenda kamuulize mtaalamu. Pengine utaambiwa punguza kidogo. Pengine utaambiwa kula. Ukiambiwa kula, kula.

Kabla sijaaga, Lwitiko. Nilimkuta msibani, amekaa pembeni ya turubai na sahani ya wali mapajani.

Nikamwambia, "Kaka, pole sana."

"Asante, dada." Akala kijiko kimoja, akameza. "Watu wanalia, mimi silii. Najua amekufa, lakini najua kama ninavyojua leo ni Jumamosi."

Nikamuuliza kama anaweza kweli kula.

"Sina hamu. Ila nina dawa za figo, siwezi kuzinywa na njaa." Akaweka mkono chini ya tumbo, upande mmoja. "Hii ya kwake bado inafanya kazi. Haijui."

Wasikilizaji wapendwa, tukae kimya kidogo.