Mama Santuri, Mlezi wa Muziki Mgeni

Tarehe 30 Juni, Mama Santuri anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maktaba ya muziki ya redio yetu. Jina lake halisi limo kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki.

Aliajiriwa kupanga santuri kwenye rafu, akaishia kutufundisha kusikiliza. Kila Alhamisi mchana alitupigia kazi za watunzi walio hai: vinanda vinavyogombana, fidla zinazolia kama mlango uliokosa mafuta. Kila santuri mpya aliipokea kwa msemo mmoja: mgeni njoo, mwenyeji apone. Na ilikuwa marufuku kuponda kitu kabla ya kukisikia mara ya pili. Msomaji wetu wa habari alidai muziki ule unamuumiza meno. Leo ndiye anayeazima santuri na kuzirudisha kwa mbinde.

Likizo zake alizimalizia kwenye kumbi za opera. Alirudi amechoka, macho yanang'aa, mkoba umejaa rekodi za kupiga katika kipindi alichokitangaza kila Jumapili. Mkurugenzi alishawishika kwamba hakuna anayekisikiliza, akataka saa ile apewe mchambuzi wa mpira. Mama wa watu alikonda kwa mawazo.

Ndipo Jumapili moja ikaja zamu ya opera ya mjane anayesubiri mlango ufunguliwe. Kabla haujafunguliwa, mtunzi ameweka kimya kirefu. Fundi mitambo wetu, anayeogopa kimya kuliko moto, alidhani mtambo umekufa, akarusha wimbo wa dharura. Mjane akafunguliwa mlango na tarumbeta za gwaride!

Simu zililia jioni nzima. Dereva wa teksi alifoka, muuguzi akalalamika, na mwalimu mmoja akauliza kama tuna adabu. Mkurugenzi alizipokea mwenyewe, na tangu siku ile hakusema tena kwamba kipindi hakina wasikilizaji. Mama Santuri hakumgombeza fundi. Alimwita “mwanangu,” akamkalisha, akampigia sehemu ile yote. Mara mbili, bila shaka.

Kuondoka hakumtishi, alichohofia ni saa ile kwenda na maji. Wiki iliyopita mkurugenzi alitangaza kwamba kipindi kinabaki, na mtangazaji wake mpya ni fundi yuleyule. Mama alilia mbele yetu wote, nasi hatukujikaza.

Asante, Mama, kwa masikio uliyotupa. Tunakuombea afya, usingizi mtamu, spika imara, na majirani wavumilivu.