Slaidi Namba Saba: Risala ya Wanafunzi wa Maabara kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo

UKARIBISHO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Chuo, walimu na walezi wetu, wazazi mliofika, wanafunzi wenzetu:

Karibu sana. Tuko hapa tangu saa mbili asubuhi, na hatukuchoka kukusubiri, kwa sababu tulikuwa tunachungulia hadubini mpya kwa zamu. Mtunza maabara alitufukuza mara mbili. Mara ya tatu tulimkuta anachungulia yeye.

Tunashukuru kwa maabara unayotufungulia leo. Ila wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuna jambo lilitokea katika maabara ya zamani, na tumekubaliana kwa kura ulisikie kutoka kwetu.

SISI NI NANI

Sisi ni wanafunzi thelathini na mmoja wa mwaka wa pili. Tunajifunza kupima damu, mkojo na makohozi, kisha tumwambie daktari kilichomo. Daktari anaandika dawa kwa kutegemea neno letu.

Mmoja wetu tunamwita Dada Hadubini. Ni mtoto wa fundi cherehani, na jina alilipata mwaka wa kwanza, kwa kuwa kila kipindi kikiisha yeye alibaki jicho limeganda kwenye lenzi. Ukimuuliza anaangalia nini, anakujibu, "Sijui bado. Ndiyo maana naangalia."

Mwishoni mwa muhula uliopita jina lake lilibandikwa ubaoni pamoja na mengine matano. Wastani wao ulikuwa chini ya kiwango mihula miwili mfululizo. Barua ilikuwa fupi: umeondolewa masomoni, msaada wako wa masomo umesitishwa, una siku kumi na nne za kukata rufaa.

YALIYOTOKEA

Mheshimiwa, hatukuja kusema kwamba hakukosea. Masomo mawili alianguka kihalali. Alikosa vipindi vya asubuhi kwa majuma saba, na hakumwambia mtu sababu.

Fomu ya rufaa ina sehemu iliyoandikwa "Eleza sababu", na chini yake mistari mitatu. Dada Hadubini aliijaza hivi: Nilikuwa na matatizo ya kifamilia. Naomba radhi. Sitarudia. Jibu lilikuja baada ya juma moja: sababu hazitoshi.

Alipokuja kurudisha koti jeupe na ufunguo wa kabati, mtunza maabara, mama ambaye amekaa na chupa zile miaka ishirini na miwili, aliisoma nakala ya fomu yake akavua miwani.

"Mwanangu, 'sitarudia' nini?"

Dada Hadubini akalikunja koti upya.

"Matatizo ya kifamilia ni nini? Mtu amekufa? Umeolewa?"

"Baba alipata kiharusi. Mkono wa kulia umelala."

"Sasa ndiyo unaahidi hatarudia kuugua?"

Tuliokuwepo tulimwona akicheka kidogo, halafu akakaa chini kwenye stuli na kueleza. Baba yake alikuwa ameshapokea vitambaa vya sare za shule arobaini na tatu, na ameshazikata. Shule zilikuwa zinafunguliwa. Yeye ndiye aliyezishona, kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, halafu anakuja chuoni. Baba alikaa kando yake akielekeza kwa mkono wa kushoto. Mzee hakujua kwamba binti anakosa vipindi. Aliambiwa masomo ya asubuhi yamehamishiwa mchana.

"Kwa nini hukuandika hivyo?" tulimuuliza.

"Mistari mitatu," akasema. "Na niliona aibu kumuanika baba kwenye fomu."

Hapo ndipo mwenzetu tunayemwita Kwanini, dada ambaye hajawahi kumaliza kipindi bila kuuliza maswali manne, alipoichukua karatasi ya matokeo. Aliisoma juu hadi chini, kisha chini hadi juu.

"Hayo mawili nimeelewa. Hili la tatu, mtihani wa vitendo, swali la slaidi. Amepata sifuri. Hadubini apate sifuri kwenye slaidi? Hilo haliniingii akilini."

Dada Hadubini akasema aliandika alichokiona. Aliandika: hakuna vimelea.

Sisi sote tulikuwa tumeandika kwamba vimelea vya malaria vipo, na sote tulipata alama.

Mtunza maabara alifungua sanduku la mbao, akatoa slaidi namba saba, kile kioo chembamba chenye tone la damu tulichopewa kwenye mtihani, akaiweka chini ya lenzi. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea. Alisogeza kioo kushoto, akakirudisha kulia. Kisha akasema taratibu, "Hii niliiandaa mwenyewe, mwaka niliojifungua kitindamimba wangu. Sasa yuko sekondari." Rangi inayoonyesha vimelea ilikuwa imepauka yote. Tuliangalia mmoja baada ya mwingine. Hapakuwa na cha kuonekana.

Akatugeukia. "Sasa ninyi mliona nini?"

Mheshimiwa, tulikosa pa kuangalia. Ukweli ni kwamba hatukuona kitu. Waliotutangulia walituambia kwamba slaidi namba saba ni vimelea, miaka yote ni vimelea. Tuliinama, tukahesabu hadi kumi, tukaandika. Thelathini tulifaulu kwa kusema tusichokiona, na mmoja akapata sifuri kwa kusema alichokiona.

Juma lile darasa halikukalika. Wapo waliosema yaliyopita si ndwele. Kwanini akauliza, "Na siku tutakapomwambia daktari kuna malaria kwa sababu jana ilikuwepo?" Ijumaa tulipeleka barua ofisi ya mitihani, yenye sahihi thelathini, tukakiri.

TULIYOFANIKIWA

Swali lilifutwa kwa darasa zima. Watatu kati yetu tulishuka chini ya alama ya kufaulu. Mmoja wa hao ni mimi ninayekusomea. Nilirudia mtihani, na safari hii niliangalia.

Wastani wa Dada Hadubini ulipanda, lakini haukufika kiwango. Ulikaribia tu. Hata hivyo kamati ya rufaa ilikubali kumwita aseme kwa mdomo. Aliingia na sare moja ya mtoto wa darasa la kwanza ndani ya mfuko, akaiweka mezani. Mwalimu mmoja wa kamati akaigeuza, akatazama mishono. Wanakamati walimuuliza maswali kwa dakika arobaini. Walimrudisha masomoni kwa muhula mmoja wa majaribio. Leo tuko juma la tisa, na hajakosa kipindi hata kimoja.

CHANGAMOTO

Amerudishwa masomoni, lakini msaada wa masomo haukurudi. Ofisi ya msaada ina kanuni yake: aliyewahi kuondolewa hasaidiwi kwa mihula miwili, hata kama rufaa yake imekubaliwa. Tuliuliza kwa nini. Karani alikuwa muungwana, alitafuta kwenye jalada, akatuambia, "Jamani, hata mimi sijawahi kuuliza."

Kwa hiyo mwenzetu anatoka darasani na kwenda moja kwa moja kwenye cherehani. Kilichomwangusha ndicho anachokitegemea asianguke.

Wale watano wengine rufaa zao zilikataliwa kwa mistari mitatu. Tuliwatafuta na kuwauliza sababu. Mmoja hasikii vizuri sikio moja na alikaa nyuma. Mwingine alikiri kwamba alikuwa mvivu. Tumeliandika hilo pia, kwa sababu ndilo alilolisema. Watatu wameomba tusiyasome yao hadharani, bali wayaseme wenyewe.

MAOMBI

Tunaomba msaada wa masomo urudi pamoja na mwanafunzi pale rufaa inapokubaliwa, angalau kwa muhula wa majaribio.

Tunaomba mwanafunzi aulizwe ana kwa ana kabla barua haijaandikwa. Akishindwa kujieleza, basi ashindwe akiwa amesikilizwa.

Na slaidi za maabara hii mpya zikaguliwe kila mwaka. Mtunza maabara ameomba hili liingie kwa jina lake.

HITIMISHO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wenzetu watano wako nje ya geti kuu tangu asubuhi. Vitambulisho vyao vilichukuliwa, na mlinzi anafanya kazi yake. Tumemuuliza, akasema neno lako linatosha. Viti vyao vitano tumeviweka mstari wa pili, upande wako wa kushoto.

Mungu akujalie afya, macho maangavu na moyo wa kusikiliza, wewe na nyumba yako.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Maabara, Mwaka wa Pili:
thelathini na mmoja tulio ndani, na watano walio getini.