Samaki wa Namkalala Wamepanda: Maisha ya Fortunata Erasmo Nambunga (1957–2025)

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, Fortunata aliamka kabla ya mumewe, Mzee Valentini, kama alivyofanya miaka yote arobaini na miwili ya ndoa yao. Maumivu yalikuwa yamempa nafasi kidogo. Alikaa kwenye kigoda mlango wa uani, akamwelekeza Mzee Valentini namna ya kukoroga uji, ingawa mzee alikuwa anaukoroga uji ule kila siku tangu mwezi wa tatu wa mwaka jana. Ulipoiva alionja, akasema umekosa chumvi. Mumewe akasema chumvi ameweka. Akasema basi umekosa mkono. Wakanywa hivyo hivyo. Akauliza kama mawingu ya upande wa Likawage bado yamekaa, akaambiwa yamekaa, akasema vizuri. Saa sita mchana miguu ikakataa, akapelekwa hospitali, na nyumbani hakurudi tena. Hiyo ndiyo asubuhi yao ya mwisho ya kawaida. Ilikuwa nzuri.

Fortunata alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 huko Nyangao, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Katekista Erasmo Nambunga na Mama Agnes. Wazazi wake walikuwa Wamakonde walioshuka kutoka uwanda wa juu. Mama Agnes alitoka mahali ambapo ndoo moja ya maji hufuatwa nusu siku, kwa hiyo kijito kilichopita nyuma ya nyumba yao alikiheshimu kama mgeni. Aliwachukua binti zake kutanda kanga majini wavue vidagaa vya mboga. Wenzake wakirudi, Fortunata alibaki amechuchumaa, anatazama samaki wadogo wanavyojibanza nyuma ya jiwe kabla ya kuendelea kupanda kijito. Siku moja alichelewa shule. Mwalimu akamuuliza alikuwa wapi, akasema alikuwa anamngoja samaki mmoja apumzike amalize safari. Alichapwa viboko viwili. Hadi uzeeni alisema kiboko cha pili hakikuwa cha haki, maana samaki kweli alikuwa hajamaliza.

Alisoma shule ya msingi Nyangao kuanzia 1965 hadi 1971, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana Masasi, 1972 hadi 1975. Mwaka 1976 aliingia chuo cha ufundi Dar es Salaam kusomea barabara na madaraja. Darasani walikuwa wasichana wawili, na mwenzake aliacha mwaka wa kwanza. Katekista Erasmo aliposikia kwamba binti yake anafundishwa kujenga barabara alidhani ni adhabu, akaandika barua kuuliza amefanya kosa gani. Binti alimaliza mwaka 1979 akiwa fundi sanifu.

Tarehe 1 Julai 1980 aliripoti kazini ofisi ya ujenzi, Kilwa Masoko. Wenzake walitaka madaraja makubwa yanayokatiwa utepe. Yeye alipewa yaliyobaki, makalavati, yaani mabomba ya kupitisha vijito vya ndani chini ya barabara, akafurahi. Kabla ya kuchora alishinda mtoni siku nzima. Alitazama takataka zilizonasa kwenye miti ajue masika maji hufika wapi, halafu kalavati akalifanya pana kuliko hapo. Tumbo la bomba alilizamisha futi moja na nusu chini ya mchanga wa kijito, akalijaza kokoto na mawe, ili maji yakiingia yaendelee kwa mwendo ule ule, kama yamo kijitoni. Alisema samaki mkubwa ataruka, ila mdogo anataka jiwe la kujibanza, avute pumzi, aendelee. Pembeni, ndani ya kalavati, aliacha ukingo mkavu wa saruji, shibri mbili, wapite kenge na kobe na nguchiro bila kupanda juu kukanyagwa na malori.

Vijana wa kazi waliuita ukingo ule kibaraza. Siku moja Fakihi, dereva wa katapila, alimuuliza mbele ya watu, “Dada, hao nguchiro wakishakaa kibarazani, kahawa atawapelekea nani?” Akamjibu, “Wewe. Hapa kazini hatujakuona na shughuli nyingine.” Watu walicheka mpaka makoleo yakalazwa chini.

Huko huko barabarani ndiko alikokutana na Valentini Mchopa, mwashi asiyesoma, nyapara wa genge la mawe. Alimfundisha kusoma futi, ndiyo maana Valentini alijua namba kabla ya herufi. Katekista Erasmo hakuipenda posa ile. Alimwita kijana akamuuliza, siku ya hati ya ndoa, ataandika nini. Kabla Valentini hajafungua mdomo, Fortunata alijibu kwamba ataandika jina lake, na kama baba ana haraka alete karatasi sasa hivi. Karatasi ikaletwa. Herufi zilipanda mlima, lakini zilitimia zote. Walifunga ndoa kanisani Lindi, Jumamosi tarehe 20 Novemba 1982.

Hapa lipo jambo lazima lisemwe. Limesemwa vibaya kwa miaka karibu arobaini, na wengine waliolisema wamo humu msibani.

Mwaka 1984 Fortunata alichora kalavati la kijito cha Nakihungo, chini ya kijiji cha Namkalala, njia ya kwenda Likawage. Vigingi vya kimo, vya kuonyesha bomba lilale chini kiasi gani, alivipiga mwenyewe. Mwezi wa tisa akaenda Lindi kujifungua, kazi ikabaki mikononi mwa mumewe. Waashi wa wakati ule wote waliamini kwamba bomba likilazwa chini sana hujaa mchanga na kuziba. Valentini alivitazama vile vigingi, akaona mkewe amekosea kwa uchovu wa mimba. Akataka kumsitiri asije akachekwa. Akapanga tabaka mbili za mawe chini, akaliinua bomba. Fortunata aliporudi na mtoto mgongoni, udongo ulishashindiliwa na magari yanapita.

Kwa hiyo aliyeinua bomba la Nakihungo ni mumewe. Si Fortunata.

Masika ya kwanza maji yalidondoka kutoka kwenye mdomo wa bomba shibri moja. Mvua zikachimba chini yake mwaka hadi mwaka, mpaka yakawa yanaanguka kimo cha kiuno cha mtu mzima. Kambare na perege walijazana pale chini, wanaruka, wanarudi. Juu, Namkalala, wanawake walitega kijitoni migono yao, mitego ya samaki iliyosukwa kwa miwale, asubuhi wakaitoa mitupu. Mwaka 1986 kijiji kiliitisha mkutano. Bi Maftaha, wakati huo binti wa miaka ishirini hivi, alisimama akasema mama huyu amesoma mpaka Dar es Salaam aje kuwanyima watoto wao mboga. Valentini alikuwa amekaa nyuma. Alinyanyuka. Fortunata akamwona, akamuwahi.

“Saini kwenye mchoro ni yangu,” alisema. “Bomba ni langu.”

Valentini akakaa. Ofisi ilimpa Fortunata barua ya onyo, na cheo alichokuwa akingoja kilichelewa miaka sita. Nyumbani alimweleza mumewe mara moja tu, kwamba nyapara asiye na cheti akifukuzwa hana pa kwenda, yeye mwenye cheti atastahimili. Hakulirudia tena, hata siku walizogombana kwa mengine.

Aliomba bomba lishushwe. Akajibiwa kwamba magari yanapita na maji yanapita, ya samaki hayamo kwenye bajeti. Mwaka 1987 alibeba mawe mwenyewe akayapanga kama ngazi chini ya yale maporomoko, mvua zikayazoa. Mwaka 1993 akarudia, zikayazoa tena. Makalavati yake mengine kumi na saba, kutoka Likawage hadi Mchinga, aliyasimamia mpaka koleo la mwisho la udongo. Wanawe wawili waliofuata, Yohana na Monika, walizaliwa masika, kazi zikiwa zimesimama. Waliomjua hawakushangaa.

Alistaafu mwezi Machi 2017. Mwezi Juni 2021 alipasuliwa titi la kushoto Dar es Salaam kwa saratani, akapata nafuu. Machi 2024 ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye mifupa. Mwezi uliofuata mvua kubwa zikakata njia ya Likawage na bomba la Nakihungo likaondoka na maji. Alipoambiwa alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu majibu ya hospitali.

Haikupita wiki mbili, kijana mmoja mhandisi, Nassibu, akabisha hodi akiwa na picha kwenye simu.

“Shikamoo, mama. Nimeambiwa kalavati lile lilikuwa lako.”

“Marahaba. Lilikuwa langu. Kaa chini nikuonyeshe lilivyotakiwa kuwa.”

Kijana alikaa. Ni haki kusema kwamba alisikiliza, na alirudi mara tano. Kuanzia Agosti hadi Oktoba kalavati jipya lilijengwa, pana, tumbo likiwa chini ya mchanga. Siku alizojiweza Fortunata alipelekwa kwa bajaji, akawekewa kiti cha plastiki ukingoni. Mumewe alikuwa na miaka sabini na minne, mawe hayawezi tena. Aliomba kazi moja tu, kushika kamba ya kimo. Alipima mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka vijana wakaanza kutazamana. Fortunata alikuwa amegeukia upande mwingine, anaangalia mti.

Baada ya hapo ilibaki kungoja mvua. Ndilo jambo alilokuwa analingoja. Dawa alikunywa ili limkute.

Ijumaa, tarehe 17 Januari, Bi Maftaha aliingia wodini. Sasa ni bibi mwenye wajukuu. Alikuja kwa bodaboda mpaka njia kuu, kisha basi, na hotipoti mapajani. Alisalimia kwa kifupi, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema mvua ya Jumanne imeshuka, Nakihungo imejaa, na asubuhi ya Alhamisi migono ya Namkalala ilikuwa mizito, watu wawili wawili kwa mgono mmoja. Kambare wamepita, na perege nao wamepita.

Fortunata hakuulizia wakubwa. Aliuliza, “Na wadogo?”

Bi Maftaha alinyoosha kidole chake cha mwisho, akaonyesha ukucha. “Hivi. Wengi mpaka wanaudhi.”

Fortunata akafumba macho na mabega yakashuka. Wanawe walidhani ndiyo tayari, Monika akamkimbilia nesi, lakini mama yao alifumbua macho akaomba kijiko. Alikula kambare vijiko viwili, mtu aliyekuwa amekataa chakula siku tatu. Bi Maftaha akaanza kuomba radhi kwa maneno ya ule mkutano. Fortunata alimkatiza akamwambia mchuzi umekolea, atulie.

Alifariki Jumapili, tarehe 19 Januari 2025, saa nne asubuhi. Watoto wake wote walikuwepo. Hakuhangaika. Baada ya miezi kumi ya kuumwa na mifupa, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyevua viatu baada ya safari. Nyumba ina huzuni, lakini imeshusha pumzi, na hakuna sababu ya kuficha hilo.

Ameacha mume, Valentini Mchopa, watoto watatu, Grace, Yohana na Monika, wajukuu saba, na kaka yake Benedicto aliyebaki peke yake katika wale sita. Ameacha pia makalavati kumi na manane, yote yanapitika, juu na chini.

Mungu amlaze mahali pa utulivu, asiitwe tena barabarani.

Ijumaa ile, Bi Maftaha alipokwisha kuaga, Valentini alimuuliza mkewe kama sasa anaweza kuwaambia watu ni nani aliyeliinua bomba. Alichojibu Fortunata ni hiki, na kinaandikwa kama alivyokisema:

“Baba Grace, waambie siku mimi sipo. Nikiwepo nitakutetea tena.”